Sikio Lipi Linahitaji Steroidi, na Lipi Halizitaki

Kwenye maduka ya dawa, na hata katika baadhi ya zahanati, hufanyika makosa mawili ya kutibu sikio ambayo kila moja ni kinyume cha mwenzake. La kwanza linampata mtu ambaye sikio lake linatoa usaha mwaka nenda mwaka rudi: anauziwa vidonge vya prednisoloni ili "likauke". La pili linampata mtu aliyelala mzima akaamka sikio moja halisikii: anapewa matone ya antibayotiki, anaambiwa ni nta au mafua, arudi baada ya wiki tatu kama halijafunguka. Wa kwanza amepewa steroidi asizozihitaji. Wa pili alizihitaji siku ileile.

Steroidi zinazozungumziwa hapa si zile za wanyanyua vyuma. Ni dawa zinazofanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizokaa juu ya figo, na kazi yake kubwa ni kutuliza uvimbe na kupunguza ukali wa kinga ya mwili. Prednisoloni, deksamethasoni, haidrokotisoni na methilprednisoloni zote ni za ukoo huo. Kwa kuwa zinatuliza karibu kila aina ya uvimbe, mgonjwa hujisikia nafuu upesi, hula vizuri, hunenepa. Ndiyo maana wapo wanaozinunua kwa ajili ya unene tu, na ndiyo maana muuzaji anayetaka mteja aondoke ameridhika huzitoa kwa wepesi. Nafuu hiyo haina maana kwamba ugonjwa umepona.

Kwa hiyo kabla ya kidonge chochote, jiulize mambo mawili: tatizo liko sehemu gani ya sikio, na limeanza kwa kasi gani?

Sikio la nje ni tundu lile linaloishia kwenye ngoma. Sikio la kati ni chumba kidogo nyuma ya ngoma, chenye vifupa vitatu, na kina mrija unaokiunganisha na nyuma ya pua. Sikio la ndani limezikwa ndani ya mfupa. Humo ndimo ilimo koklea, yenye seli laini zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Uvimbe wa nje au wa kati huzuia sauti isipite, na kizuizi kikiondolewa usikivu hurudi kwa kiasi kikubwa. Seli za koklea zikifa hazioti tena.

Lipo jaribio unaloweza kulifanya mwenyewe kama sikio lililoathirika ni moja. Funga mdomo, kisha vumisha sauti puani: mmmm. Unaisikia upande gani? Ikihamia kwenye sikio baya, yaelekea kizuizi kiko nje au kati: nta, maji, usaha, ngoma iliyotoboka. Ikihamia kwenye sikio zima na lile baya likabaki kimya, shuku sikio la ndani au neva. Usipoamini, ziba sikio lako zima kwa kidole kisha uvumishe. Sauti itakimbilia upande uliouziba. Daktari hufanya jaribio hilohilo kwa chuma chenye ncha mbili, anakigonga kikalia halafu anakiweka katikati ya paji la uso. Haliwezi kuchukua nafasi ya mashine ya kupima usikivu, ila linatosha kukuambia kama una haraka au huna.

Sikio lililokufa ghafla

Hapa ndipo penye haraka. Kipimo cha madaktari ni hiki: usikivu umeshuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu ya sauti yanayofuatana, ndani ya saa 72. Desibeli 30 si kidogo. Maongezi ya kawaida huwa kama desibeli 60 na mnong'ono kama 30. Mara nyingi sikio ni moja, na mara nyingi chanzo hakipatikani, ingawa hushukiwa virusi, damu kutofika vizuri kwenye koklea, au kinga ya mwili kujishambulia.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba mgonjwa hahisi kuwa amepoteza usikivu. Anahisi sikio limeziba, kama lile la abiria aliyeteremka na basi kutoka Lushoto. Huenda kukawa na mlio, huenda kukawa na kizunguzungu, na mara nyingi hakuna maumivu hata kidogo. Kwa kuwa haliumi, mtu hupiga miayo, hujipuliza huku amebana pua, hutia mafuta ya nazi ya vuguvugu, na wiki ya kwanza inakwisha hivyo.

Fanya hivi. Siku ileile usitie kitu chochote sikioni. Fanya jaribio la kuvumisha. Nenda mahali ambapo mtu ana kifaa cha kumulikia sikio, hata kama ni kituo cha afya. Ikionekana nta, itolewe, halafu usikivu ujaribiwe tena palepale. Usikivu ukirudi, safari yako imeishia hapo. Lakini kama tundu ni safi, ngoma ni nzima na bado husikii, usikubali kurudi nyumbani na matone. Mwambie mhudumu maneno haya waziwazi: "Sikio lilikuwa zima juzi, leo halisikii, na ndani hakuna nta wala usaha." Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kipimo cha usikivu. Hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, au Kenyatta kwa walio Nairobi, zina idara hiyo. Uliyeko mbali usingoje mashine ndipo uanze matibabu. Daktari wa wilaya anaweza kuanza dawa wakati unapanga safari, kisha kipimo kifuate.

Kuhusu muda, mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unasema steroidi za mwanzo zianzwe ndani ya wiki mbili tangu sikio lilipozima. Kati ya wiki ya pili na ya sita, kwa ambaye hajapona vizuri, kuna nafasi ya sindano ya steroidi kupitia ngoma ya sikio. Baada ya hapo matumaini ya dawa ni madogo sana. Kwa hiyo tarehe sikio lilipozima ni taarifa muhimu kuliko karibu kila kitu kingine utakachomwambia daktari. Iandike.

Sasa dozi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopunjwa bila kujua. Mwongozo huo unataja miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi miligramu 60, kwa siku 7 hadi 14, kisha ishushwe taratibu kwa muda unaokaribiana na huo. Vidonge vya prednisoloni vinavyopatikana sana kwetu ni vya miligramu 5. Piga hesabu: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 12 kwa mkupuo mmoja. Wengi wakiona lundo hilo kiganjani huogopa wakameza nusu. Wengine wameandikiwa "kimoja mara tatu", ambavyo jumla yake ni miligramu 15, robo ya kinachotakiwa. Ukipewa deksamethasoni ya miligramu 0.5, dozi inayolingana na hiyo ni miligramu 10 hivi, yaani vidonge 20. Sitoi hesabu hizi ili ujitibu mwenyewe. Natoa ili uweze kumuuliza aliyekuandikia kwa nini dozi yako ni ndogo hivyo. Huenda ana sababu nzuri, kama kisukari au umri. Huenda hana.

Vidonge vyote vinywe kwa pamoja asubuhi, baada ya kula. Asubuhi ndipo mwili wenyewe hutoa homoni hii kwa wingi, na dozi ya jioni hukunyima usingizi. Katika siku hizo achana na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kununua, kwani zikichanganyika na steroidi hatari ya vidonda vya tumbo kutoka damu hupanda. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kienyeji, amwambie daktari.

Je, zinaponya? Wagonjwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili hupata nafuu fulani hata bila dawa, kwa hiyo kila anayesema "nilimeza nikapona" hajathibitisha kitu. Tafiti za steroidi dhidi ya vidonge hewa, yaani visivyo na dawa ndani, zimetoa majibu yanayopingana, na mwongozo wenyewe unazitaja steroidi kama chaguo, hauzilazimishi. Binafsi naona hoja ya kuzitumia ina nguvu: ni wiki chache, bei ni ndogo, na kinachoweza kupotea hakirudi. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kuongeza dozi zaidi hakusaidii. Utafiti wa Ujerumani wenye wagonjwa zaidi ya 300, uliochapishwa mwaka 2024, ulilinganisha miligramu 60 za prednisoloni na dozi kubwa mno, hadi miligramu 250 kwa siku kwa njia ya mshipa. Dozi kubwa haikurudisha usikivu zaidi, ila ilileta madhara zaidi. Ukiambiwa ulazwe kwa ajili ya dripu ya steroidi ya bei kubwa, una haki ya kuuliza itakuongezea nini. Dawa za kupanua mishipa ya damu na dawa za virusi, ambazo nazo huandikwa sana, mwongozo unashauri zisitolewe kama kawaida.

Wanaopona zaidi ni waliowahi, wasio na kizunguzungu, na ambao usikivu haukushuka hadi chini kabisa.

Sindano kupitia ngoma

Jina lake linatisha kuliko yenyewe. Mgonjwa hulala chali, kichwa kikigeuzwa ili sikio baya litazame juu. Ngoma hutiwa ganzi. Kwa msaada wa hadubini, daktari hupitisha sindano nyembamba na kuingiza steroidi chini ya mililita moja kwenye sikio la kati, ambako hujipenyeza hadi koklea. Utabaki umelala hivyo dakika 15 hadi 30, na utaombwa usimeze mate mara kwa mara, maana kumeza hufungua mrija na dawa hutelemkia kooni. Kizunguzungu kifupi ni cha kawaida. Sindano hurudiwa mara tatu au nne, zikipishana siku kadhaa. Mara chache kitobo hubaki bila kuziba. Jilinde maji yasiingie sikioni hadi daktari aseme basi.

Faida yake ni kwamba dawa haizunguki mwilini kwa wingi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 250, ulionyesha kuwa kama tiba ya kwanza sindano hizi hazikuwa duni kuliko vidonge. Kwa hiyo mwenye kisukari kisichotulia au vidonda vya tumbo vinavyotoka damu anaweza kuanza nazo moja kwa moja, mradi yupo daktari anayezitoa. Tatizo letu ni hilo: ziko hospitali kubwa tu, na si zote.

Matibabu yakiisha, pimwa tena usikivu, halafu tena baada ya miezi sita. Na kwa kila aliyepoteza usikivu wa neva upande mmoja, uliza kuhusu picha ya MRI. Wachache kati yao wana uvimbe usio saratani kwenye neva ya kusikia, na usikivu uliopunguzwa na uvimbe huo unaweza kuitikia steroidi kwa muda ukamdanganya mgonjwa na daktari wake.

Kabla hujameza

Sukari kwanza. Prednisoloni inayonywewa asubuhi hupandisha sukari mchana na jioni, huku kipimo cha alfajiri kabla ya kula kikionekana kizuri. Mwenye kisukari anayepima asubuhi tu anaweza kuwa na sukari ya juu mno kila alasiri asijue. Pima kabla ya chakula cha jioni. Hata asiye na kisukari ni vyema apimwe mara moja kabla ya kuanza. Wengi hugundua ugonjwa wao hapo. Presha nayo ipimwe.

Kifua kikuu ni la pili, na katika nchi zetu si suala la kuandikwa pembeni. Steroidi zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito, au mtu wa nyumbani kwako anatibiwa TB, lisemwe kabla ya kidonge cha kwanza. Na kama tayari uko kwenye dawa za TB, rifampisini huharakisha kuondoka kwa prednisoloni mwilini, hivyo dozi ya kawaida inaweza isitoshe.

Kwa wanaotumia ARV zenye ritonavia hali ni kinyume: dawa hiyo huzuia steroidi zisivunjwe, zikajikusanya. Hatari ni kubwa zaidi kwa baadhi ya steroidi za kupulizia puani na za sindano, lakini hata kwa vidonge daktari anapaswa kujua. Usifiche ARV kwa daktari wa masikio kwa kudhani havihusiani.

Kuna mdudu mmoja ambaye watu wengi hawajamsikia: minyoo midogo aina ya strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu kutoka kwenye udongo. Inaweza kuishi tumboni miaka mingi bila kelele. Mtu akipewa steroidi, minyoo hiyo huweza kuzaliana kupita kiasi na kusambaa mwilini, na hali hiyo huua. Aliyekulia kijijini akitembea peku, hasa mwenye muwasho wa ngozi au tumbo lisiloeleweka, amuulize daktari kuhusu ivamektini kabla ya kuanza. Albendazoli ya kawaida haifanyi kazi vizuri kwa minyoo hii.

Mengine nitayataja kwa haraka: ujauzito, homa ya ini aina ya B, presha ya macho, vidonda vya tumbo, historia ya ugonjwa wa akili. Steroidi zinaweza kumfanya mtu aliyetulia akawa mkali, akakesha, akalia bila sababu. Waambie watu wa nyumbani mapema wasije wakadhani umerogwa. Na ukishazitumia kwa wiki tatu au zaidi, usiache ghafla. Tezi zako zimelala kwa kuwa kazi yao imefanywa na kidonge, na zikikosa muda wa kuamka utaishiwa nguvu, utatapika, presha itashuka vibaya.

Masikio mawili yanayoshuka pamoja

Kuna hali ya tatu, isiyo ya ghafla wala ya usaha. Masikio yote mawili yanapungua, moja likitangulia, kwa wiki au miezi, yakipanda na kushuka. Uzee haupunguzi usikivu kwa kasi hiyo. Mwaka 1979 daktari Brian McCabe wa Iowa, Marekani, alieleza kundi la wagonjwa wa namna hii ambao usikivu wao ulipanda kwa dawa za kutuliza kinga, na tangu hapo ugonjwa huo umejulikana kama kinga ya mwili kushambulia sikio la ndani.

Hapa steroidi ni tiba na ni kipimo pia. Desturi ni kutoa miligramu 60 kwa siku kwa takriban wiki nne, usikivu ukipimwa kabla na baada. Ukipanda, dozi hushushwa polepole huku usikivu ukifuatiliwa. Usipopanda, dawa husimamishwa kwa utaratibu. Ubaya ni kwamba wengi walioitikia huanza kushuka tena dozi ikipungua, na kutafuta dawa mbadala ya muda mrefu hakujawa rahisi: methotreksati, iliyotumainiwa sana, haikushinda vidonge hewa katika utafiti mkubwa wa mwaka 2003. Mgonjwa wa aina hii anahitaji daktari mmoja anayemfuatilia, na vipimo vyake vyote kwenye faili moja anayotembea nayo. Macho yakiwa mekundu na kuuma wakati uleule, sema. Kuna ugonjwa unaoshika macho na masikio kwa pamoja.

Kabla ya kukubali kwamba ni kinga ya mwili, dai kipimo cha kaswende na cha VVU. Kaswende huweza kuua usikivu kwa namna inayofanana kabisa na hii, na dawa yake ni penisilini, steroidi zikiwa za kusaidia tu. Watu hujisikia vibaya kuulizwa. Afadhali aibu ya dakika tano maabara.

Sikio la usaha

Sikio linalotoa usaha zaidi ya wiki mbili kupitia ngoma iliyotoboka halihitaji vidonge vya steroidi. Kuna vijidudu ndani, kuna unyevu, na kupunguza nguvu ya kinga hapo ni kuwarahisishia kazi. Linachohitaji ni kukaushwa na kutiwa matone sahihi, na kazi ya kukausha ndiyo inayorukwa kila mara kwa sababu haiuzwi dukani.

Chukua kitambaa safi kinachonyonya maji au karatasi laini isiyochanika, ukisokote kiwe utambi. Uingize taratibu sikioni, uache unyonye, utoe ulioloa, uingize mwingine mkavu, hadi utambi utoke mkavu. Vijiti vya pamba vya dukani usivitumie. Vinasukuma uchafu ndani na vinaweza kujeruhi. Baada ya kukausha ndipo tia matone ya siprofloksasini. Chupa uishike kwanza kiganjani ipate joto la mwili, kwani matone baridi huleta kizunguzungu cha ghafla. Lala ubavu, tia matone, kisha bonyeza mara kadhaa kile kijinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa isukumwe ndani. Baki hivyo dakika chache. Rudia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Usiache pamba sikioni kati ya dozi, usiogelee, na ukioga ziba tundu kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, uitoe ukimaliza. Matone ya siprofloksasini yaliyoandikwa ya macho yanafaa sikioni. Ya sikio usiyatie machoni.

Steroidi ina nafasi yake hapa kama tone, si kama kidonge. Matone yenye antibayotiki pamoja na steroidi husaidia tundu la nje likivimba, likiwasha au lina ukurutu, na daktari anaweza kuyachagua ngoma inapokuwa na nyama nyekundu zinazoota. Soma lebo. Mchanganyiko mwingi wa bei nafuu una jentamisini au neomisini, ambazo zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kuidhuru koklea yenyewe. Na mtu anayetia matone ya steroidi miezi na miezi, hasa katika joto na unyevu wa pwani, hujikaribishia fangasi: muwasho mkali, na uchafu mweupe au wenye vidoa vyeusi.

Usaha wenye harufu mbaya usiokoma licha ya haya yote unaweza kuwa ngozi iliyoota mahali pasipo pake, nyuma ya ngoma, ikila mifupa kidogo kidogo. Hiyo ni ya upasuaji. Na uvimbe nyuma ya sikio, mdomo kupinda, homa na kichwa kikali, shingo kukakamaa au kizunguzungu kipya, ni vya kwenda hospitali usiku huohuo. Mdomo ukipinda pamoja na malengelenge kwenye sikio, sema hivyo mapokezini. Hapo steroidi hutolewa mapema pamoja na dawa ya virusi.

Watoto wenye maji nyuma ya ngoma, wale ambao mwalimu anasema hawasikilizi na nyumbani wanapandisha sauti ya televisheni, nao hupewa prednisoloni mara nyingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye watoto wapatao 390 wa miaka 2 hadi 8, uliwapa nusu yao prednisoloni kwa wiki moja. Baada ya wiki tano usikivu ulikuwa mzuri kwa asilimia 40 ya waliopewa, na kwa asilimia 33 ya wasiopewa, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kusema si ya bahati tu. Maji haya mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Mkalishe mtoto mbele darasani, zungumza naye akikuona uso, mrudishe kupimwa baada ya miezi hiyo mitatu, na kama bado hasikii vizuri zungumzeni na daktari kuhusu vijibomba vinavyowekwa kwenye ngoma.

Kama ulichelewa, au uliwahi na bado sikio halikurudi, usiendelee kununua prednisoloni mwezi baada ya mwezi ukitumaini. Baada ya miezi michache dawa haina cha kufufua, na mifupa, macho na sukari yako ndivyo vitakavyolipa. Ulizia kifaa cha kusaidia kusikia. Kwa walio viziwi kabisa masikio yote mawili kuna koklea ya kupandikiza, ambayo Muhimbili ilianza kuiweka mwaka 2017. Na kama sikio limezima wiki hii, acha kusoma, andika tarehe lilipozima, uende kupimwa kesho asubuhi.